Maiki za Drams kwa Mfuko Mdogo: Kweli au Si Kweli?

Songea ina ngoma nyingi kuliko maiki. Jumapili asubuhi, kuanzia Lizaboni hadi Bombambili, drams za makanisa zinasikika mtaa kwa mtaa. Kila mwisho wa Februari, mji unapowakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa hapa tarehe 27 Februari 1906, lizombe, mganda na kioda huchezwa mbele ya umati, na mikono yenye simu hujaa hewani. Siku hizi karibu kila tukio hurekodiwa. Tatizo huja baadaye, watu wanapokaa kusikiliza walichorekodi: kiki haisikiki, matoazi yanakwaruza masikio, ngoma kubwa imepasuka, na sauti za watu zimezama.

Lawama zote hubebeshwa umaskini. Kamati hukaa, michango hupitishwa, kisha mtu hutumwa Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 900, akiwa na orodha iliyoandikwa kwa kusikia huku na kule. Hapo ndipo fedha inapopotea. Ninavyoamini, na nitakavyojaribu kuonyesha, kinachoharibu rekodi zetu zaidi ni uvumi kuliko uhaba wa fedha. Fedha kidogo mkononi mwa anayejua anatafuta nini huzaa sauti nzuri. Fedha nyingi mkononi mwa anayefuata maneno ya mtaani huzaa begi la vifaa visivyotumika.

Yafuatayo ni madai yanayosikika sana miongoni mwa mafundi mitambo, viongozi wa kwaya, wapiga drams na wenye studio ndogo. Mengine ni kweli tupu, mengine yana ukweli nusu, na mengine yanafaa kuachwa leo.

Dai la 1: Kila ngoma lazima iwe na maiki yake.
Si kweli.

Hili ndilo dai linalokula fedha kuliko yote. Drams ya kawaida ina kiki, sneya, tomu mbili au tatu, haihati na matoazi mawili au matatu. Ukihesabu kwa mtindo wa kila kipande na maiki yake, unafika saba hadi tisa kabla hujanunua waya hata mmoja.

Lakini mpiga drams hapigi vyombo vinane. Anapiga chombo kimoja chenye sehemu nyingi, na sikio la msikilizaji hulipokea pigo kama kitu kizima. John Bonham wa Led Zeppelin alirekodiwa katika nyumba ya Headley Grange kule Uingereza kwa maiki mbili tu zilizoning'inizwa juu kwenye ngazi, yeye akiwa chini ukumbini. Wimbo uliorekodiwa hivyo, When the Levee Breaks, ulitoka mwaka 1971, na mapigo yake bado ni kipimo kwa mafundi wa sauti duniani kote. Fundi wa sauti wa Uingereza, Glyn Johns, alijenga jina kwa mpangilio wa maiki tatu au nne: moja juu ya sneya, ya pili pembeni upande wa tomu ya chini, na nyingine mbele ya kiki.

Hapa nyumbani, Mlimani Park na Vijana Jazz walirekodi nyimbo zao Radio Tanzania Dar es Salaam bendi nzima ikipiga kwa pamoja. Hakukuwa na anasa ya kumtenga kila mpiga chombo na kumrudia kesho yake, na rekodi hizo zinachezwa mpaka leo.

Wingi wa maiki una gharama mbili ambazo muuzaji hazitaji. Ya kwanza iko jukwaani. Kila unapoongeza maradufu idadi ya maiki zilizo wazi, unapoteza takribani desibeli 3 za nafasi uliyonayo kabla spika hazijaanza kupiga mluzi. Kutoka maiki 2 hadi 8 umepoteza desibeli 6, na katika ukumbi wenye kuta tupu hizo ni nyingi mno.

Gharama ya pili ni sauti kufutana. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Maiki mbili zikisikia sneya ileile, moja ikiwa mbali zaidi kwa sentimita 17, basi sauti ya hezi 1,000 itafika kwa moja ikiwa inapanda na kwa nyingine ikiwa inashuka. Ukizichanganya kwa nguvu sawa, sauti hiyo inapungua au kutoweka kabisa. Ndiyo maana mtu anaweza kufungua maiki nane na drams ikasikika nyembamba kuliko alipofungua tatu.

Dawa yake ni uzi. Funga ncha moja ya uzi kwenye stendi ya sneya, uvute hadi kwenye maiki ya kwanza ya juu, weka alama, kisha ulete maiki ya pili ikae kwenye alama hiyohiyo. Maiki zote mbili zikiwa umbali sawa kutoka sneya, pigo la sneya litafika kwazo kwa wakati mmoja. Uzi huo haugharimu chochote, na faida yake ni kubwa kuliko ya maiki ya tano.

Dai la 2: Maiki ya kuimbia haifai kwenye drams.
Si kweli.

Shure SM57 iliingia sokoni mwaka 1965, na SM58, ile yenye kichwa cha mviringo ambayo karibu kila mwimbaji ameishika, ikafuata mwaka 1966. Zote mbili zimetokana na kapsuli ya aina moja iitwayo Unidyne III. Tofauti kubwa iko kwenye kichwa: SM58 ina wavu mkubwa wenye sponji ndani wa kuzuia pumzi ya mwimbaji, wakati SM57 ina kichwa kifupi kinachoweza kusogea karibu zaidi na ngozi. SM57 ndiyo maiki ya sneya inayojulikana kuliko zote. Kwa hiyo kanisa lenye SM58 halisi ya ziada kabatini lina maiki ya sneya tayari, bila kutoa shilingi.

Iweke sentimita 3 hadi 5 juu ya ukingo wa sneya, ielekee katikati ya ngozi, na mgongo wake uigeukie haihati. Maiki za aina hii husikia vizuri mbele na kusikia kidogo sana nyuma, kwa hiyo mgongo ndio unaokusaidia kupunguza sauti usiyoitaka. Mwache mpiga drams apige kwa nguvu yake ya kawaida, halafu uhakikishe fimbo haifiki kwenye maiki.

Dai la 3: Kiki inahitaji maiki yake maalumu.
Kweli.

Hapa mtaa umesema sawa. Uzito wa kiki, ule unaoupata kifuani, uko kati ya hezi 50 na 100. Maiki ya kuimbia imetengenezwa ipunguze sauti za chini kwa makusudi, ili pumzi na kishindo cha mkono visisikike. SM58 huanza kusikia kwenye hezi 50, na hapo inasikia kwa unyonge. Ukiiweka ndani ya kiki utapata mgongano wa kinyundo na ngozi, utakosa kishindo.

Maiki ya kiki ina utando mkubwa, hustahimili nguvu nyingi na imelenga sauti za chini. AKG D112 na Shure Beta 52A ndizo zenye majina. Kwa mfuko mdogo zipo Shure PGA52 na Audix F6, na kwa kazi ya kanisa au studio ya mtaani zinatosha. Ukibanwa na fedha, hii ndiyo sehemu ya kuitumia, kwa sababu ndiyo isiyo na mbadala kabatini.

Mahali pa kuiweka pana uzito kama maiki yenyewe. Ngozi ya mbele ikiwa na tundu, anza kwa kuiweka mdomoni mwa tundu. Ukitaka pigo kali zaidi, isogeze ndani kuelekea kinyundo. Ukitaka mvumo zaidi, irudishe nje. Badilisha sentimita chache, sikiliza, badilisha tena. Fanya hivyo kabla hujagusa kitufe chochote cha mikisa.

Dai la 4: Seti ya maiki saba kwenye begi moja ndiyo nafuu kuliko zote.
Kweli nusu.

Kwa bei ya maiki moja moja, seti hushinda. Kampuni nyingi huuza begi lenye maiki ya kiki, tatu au nne za sneya na tomu, mbili za juu, pamoja na vishikio. Kwa bendi inayopiga viwanjani kila wiki, yenye mikisa ya njia kumi na sita na fundi anayejua kazi yake, begi hilo lina maana.

Shida ni kwamba fedha imegawanywa mara saba. Katika seti za bei ya chini, maiki za tomu huwa zinaridhisha, lakini zile mbili za juu mara nyingi ndizo dhaifu. Nazo ndizo zinazobeba picha nzima ya drams: matoazi, mpangilio wa kushoto na kulia, na hewa ya chumba. Unajikuta umenunua nne nzuri usizozihitaji na mbili mbovu unazozihitaji. Kumbuka pia kwamba maiki saba hudai nyaya saba, stendi kadhaa, na kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta chenye njia saba au zaidi. Chenye njia mbili au nne ni rahisi kukipata, lakini kikifika nane bei inapaa.

Kwa wengi wetu hapa Songea, tatu au nne zilizochaguliwa moja moja zitafanya kazi nzuri kuliko saba za begi.

Dai la 5: Feki ni jina tu, sauti ni ileile.
Si kweli.

SM57 halisi huuzwa takribani dola 100 za Marekani, kama laki mbili na nusu hivi, kabla ya usafiri, ushuru na faida ya muuzaji. Ukiuziwa "SM57 orijino" kwa shilingi elfu arobaini, hakuna miujiza hapo. SM57 na SM58 ni miongoni mwa maiki zinazoghushiwa zaidi duniani, na nakala zake hufanana na halisi mpaka kwenye boksi na kijitabu.

Beba maiki uende kwenye mzani wa duka, ule mdogo wa kidijitali unaoonyesha gramu. SM57 halisi ina gramu 284, na SM58 ina gramu 298. Feki nyingi huwa nyepesi, kwa sababu ndani zimepunguziwa kile ambacho macho hayakioni. Baada ya mzani, ishike mkononi huku ikiwa wazi kwenye spika, uisugue kwa kidole taratibu. Halisi hutulia, wakati feki hupitisha kila mguso. Kisha iweke pembeni mwa spika uone ni mapema kiasi gani inaanza kupiga mluzi. Kipimo kimoja peke yake hakitoshi, kwani wapo waghushi wanaoongeza uzito. Vyote vitatu kwa pamoja vitakupa picha.

Lakini jambo kubwa ni hili: maiki ya bei ndogo yenye jina lake la kweli ni bora kuliko maiki ya bei ndogo yenye jina la kuazima. Behringer XM8500, kwa mfano, huuzwa dola 20 hadi 30 na haijifanyi kuwa kitu kingine. Mtengenezaji ameitolea vipimo na dhamana, na ukiinunua unajua umenunua nini. Feki haina wa kuijibia. Leo ni hivi, kesho boksi lilelile lina kitu tofauti kabisa ndani.

Dai la 6: Umeme wa fantomu unaunguza maiki za kawaida.
Si kweli.

Maiki za kondensa, zile nyembamba zinazowekwa juu ya matoazi, zinahitaji umeme wa volti 48 unaotoka kwenye mikisa kupitia waya uleule wa sauti. Mikisa nyingi ndogo zina kitufe kimoja tu kinachowasha umeme huo kwenye njia zote kwa mpigo, na hapo hofu huanza: je, maiki za dainamiki za waimbaji zitapona?

Zitapona. Umeme huo hupita kwa nguvu sawa kwenye pini ya 2 na pini ya 3. Koili ya maiki ya dainamiki imekaa kati ya pini hizo mbili, na kwa kuwa volti ni sawa pande zote, hakuna umeme unaopita ndani yake. Za kujihadhari nazo ni maiki za utepe za zamani, na nyaya zilizounganishwa vibaya.

Zima sauti ya njia husika kwanza, washa fantomu, subiri sekunde chache, ndipo ufungue. Bila hivyo spika zitapiga mshindo unaoweza kuziumiza. Na mvua zikianza, kati ya Novemba na Aprili, usiache kondensa kwenye stendi usiku kucha. Unyevu huzifanya zitoe mikwaruzo. Zihifadhi kwenye kasha linalofungika vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Dai la 7: Waya ni waya.
Si kweli.

Maiki ikikoroma au kukatika katikati ya ibada, mtuhumiwa wa kwanza huwa ni maiki. Mhalifu wa kweli mara nyingi ni waya. Waya sahihi una nyuzi mbili zilizozungukwa na wavu wa shaba. Wavu huunganishwa kwenye pini ya 1, na nyuzi mbili kwenye pini ya 2 na ya 3. Mikisa hulinganisha nyuzi hizo mbili na kufuta kelele zilizoingia njiani. Waya wa uzi mmoja uliochomekewa kichwa cha pini tatu unapoteza ulinzi huo wote, ndiyo maana unavuta mlio wa taa na jenereta.

Songea ina mafundi redio hodari. Nunua waya mzuri kwa mita na vichwa imara, kisha mpe fundi avichomelee risasi. Kabla hujalipa, chomeka, fungua sauti, na uuchezeshe waya karibu na vichwa vyote viwili. Usipokoroma, umepata. Vilevile nunua stendi nzito. Maiki ya laki mbili inayoning'inia kwenye stendi inayoyumba itaanguka siku usiyoitarajia.

Dai la 8: Ngozi kwanza, maiki baadaye.
Kweli tupu.

Kama kuna dai moja la kubandika ukutani, ni hili. Maiki husikia kilichopo. Ngozi ya sneya iliyobonyea katikati, kiki yenye boliti zilizolegea na tomu zinazonguruma bila mpangilio hazitengenezwi na maiki yoyote iliyowahi kutengenezwa.

Wapigaji wetu wa ngoma za asili wanalijua hili tangu zamani. Kabla ya kucheza, huwasha moto wa nyasi au mabua, huigeuza ngoma taratibu juu ya joto, huigonga kwa kiganja, husikiliza, huirudisha tena motoni mpaka ngozi ikaze na sauti iitike. Siku ya mawingu ngozi haikazi kwa mara moja, na mpigaji hurudi motoni kila baada ya muda. Mpiga drams wa kanisani anapaswa kuwa na nidhamu hiyohiyo: ufunguo wa boliti mfukoni, kukaza kwa zamu za kukabiliana, kugonga karibu na kila boliti na kulinganisha mlio. Badilisha ngozi ya sneya kabla ya kununua maiki ya sneya. Ni nafuu zaidi, na kila mtu ukumbini ataisikia tofauti.

Chumba nacho kimo katika hesabu hii. Kuta mbili za plasta zinazotazamana hurushiana sauti mithili ya mpira. Sogeza drams itoke kwenye kona, kwa kuwa kona huvimbisha sauti za chini. Tandika mkeka au zulia chini, ning'iniza mablanketi mazito kwenye kuta za karibu, simamisha magodoro nyuma ya mpigaji. Na usipange kurekodi alasiri ya Januari chini ya mabati yanayopigwa na mvua.

Dai la 9: Ngoma za asili hazirekodiki vizuri bila studio.
Si kweli.

Hili linaniuma kuliko mengine, kwa sababu linafanya watu wasubiri wakati wazee wanaondoka. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akirekodi muziki wa makabila mbalimbali, papo hapo vijijini, kwa mtambo wa mono. Rekodi hizo zinasikilizwa na kusomwa hadi leo. Vifaa vinavyouzwa sasa kwa bei ya simu ya kati vina ubora ambao yeye hakuuota. Kinachokosekana ni mpangilio.

Chukua mganda. Ngoma hii inapatikana pande zote za Ziwa Nyasa, na Malawi huitwa pia malipenga. Ina alama za mabendi ya kijeshi ya enzi za Vita Kuu ya Kwanza: wanaume katika safu, hatua za gwaride, ngoma kubwa inayoongoza, na vibuyu vinavyopulizwa kwa sauti ya mpulizaji mwenyewe, vikiwa na utando mwembamba wa buibui unaotetemeka na kuvifanya vilie kama tarumbeta. Anayerekodi ana matatizo mawili. Ngoma kubwa ina nguvu kuliko vibuyu vyote, na wachezaji hawatulii mahali pamoja.

Kumpa kila mpuliza kibuyu maiki yake haiwezekani. Badala yake, tumia jozi ya kondensa kwenye stendi moja ndefu, juu ya vichwa, mbele ya safu, zikiangalia chini kuelekea kwa wachezaji. Kisha zungumza na kiongozi wa kikundi kuhusu mahali pa ngoma. Uwanjani, umbali ukiongezeka mara mbili nguvu ya sauti hushuka kwa desibeli 6 hivi. Safu ya vibuyu ikiwa mita 3 kutoka kwenye maiki na ngoma kubwa ikiwa mita 6, umewapa wapuliza vibuyu nafasi ya kusikika bila mtu yeyote kubadilisha namna anavyopiga. Baada ya hapo weka ile maiki ya kiki karibu na ngoma kubwa, uiongeze kidogo tu hadi uzito wake urudi. Maiki tatu, na kikundi kizima kimesikika.

Kwa ngoma ndefu zilizo wazi chini, kumbuka kwamba ngozi hutoa makofi na tundu la chini hutoa uzito. Ukiweza kupata maiki mbili kwa ngoma moja, weka ya kwanza sentimita 20 hivi juu ya ngozi na ya pili chini karibu na tundu, kisha ugeuze polariti ya hiyo ya chini kwenye mikisa au kompyuta. Ngozi inapokwenda chini, maiki ya juu inaona ikiondoka na ya chini inaona ikija. Usipogeuza, zitafutana na uzito utapotea.

Funika maiki kwa sponji zake, chagua asubuhi tulivu, na omba ruhusa kwa wazee kabla hujachomeka kitu. Waeleze rekodi itatumikaje na kikundi kitapata nini. Jina la kikundi, kijiji na tarehe viandikwe kwenye faili siku hiyohiyo, kwa maana rekodi isiyo na jina huwa mali ya yeyote.

Dai la 10: Simu inatosha.
Kweli nusu.

Simu ya leo inasikia vizuri sauti ya mtu. Kwenye ngoma inakwama kwa sababu mbili. Maiki yake ndogo huzidiwa karibu na chombo chenye nguvu, na programu yake hushusha sauti yenyewe kila pigo linapotua kisha kuipandisha, hata muziki wote ukawa unapumua.

Ikiwa una simu peke yake, rudi nyuma mita kadhaa, iweke kwenye stendi badala ya mkononi, iweke katika hali ya ndegeni, na utafute programu inayokuruhusu kuzima urekebishaji wa sauti. Hatua ya juu ya hapo ni rekoda ndogo ya stereo kama Zoom H1n. Ukiwa na kifaa hicho, au na kompyuta, panga sauti ili mapigo makubwa yafike kwenye alama ya desibeli 12 chini ya sifuri. Watu husisimka sherehe ikianza, na mapigo ya dakika ya kumi huwa makali kuliko ya majaribio. Nafasi hiyo ndiyo itakayokuokoa, kwani pigo lililopasuka halirudi.

Dai la 11: Ukumbi mdogo hauhitaji maiki kwenye drams.
Kweli, mara nyingi.

Kabla hujafungua maiki yoyote, kaa kwenye benchi la nyuma kabisa wakati bendi inapiga. Unasikia sneya? Unasikia matoazi? Basi havihitaji spika. Katika makanisa mengi ya mitaani, kinachokosekana ni kiki peke yake, na maiki moja inamaliza kazi. Makanisa makubwa kama la abasia ya Peramiho yana tatizo la namna nyingine: sauti huelea kwa muda mrefu kabla ya kufa, na kila unachokiongeza kwenye spika kinafunika maneno ya nyimbo. Huko, kumwomba mpigaji atumie fimbo nyepesi kunasaidia kuliko maiki yoyote.

Kurekodi ukumbini ni suala jingine. Unaweza kufungua maiki kwa ajili ya rekodi pekee bila kuzipeleka kwenye spika. Mikisa nyingi zinaruhusu hilo, na ndivyo unavyopata rekodi kamili na ukumbi usio na makelele.

Sasa tuanze wapi?

Kama kikundi chako kina fedha kidogo, fuata mpangilio huu na usiruke hatua. Kwanza ngozi na ufunguo wa boliti. Pili nyaya na stendi. Tatu maiki moja ya kiki yenye jina la kweli. Nne, tumia maiki ya dainamiki uliyonayo kwa sneya, au nunua moja ya bei ndogo isiyo feki. Tano, jozi ya kondensa nyembamba. Kuna jozi za bei nafuu kama Behringer C-2, na zitakufaa kwa drams, kwa mganda na kwa kwaya. Baada ya hapo simama. Rekodi kwa maiki hizo nne mwaka mzima kabla ya kufikiria ya tano.

Katika bajeti ya kamati, ongeza mstari ambao haupo kwenye orodha za kawaida: jioni moja kila mwezi, ukumbi ukiwa mtupu, mpiga drams na fundi mitambo wakiwa peke yao na uzi wao, wakisogeza maiki na kusikiliza. Chai yao na nauli yao ni fedha ndogo kuliko waya mmoja. Wapeni jioni hizo kuanzia mwezi huu, na kufikia kumbukumbu ya Februari ijayo watakuwa tayari kuwarekodi wazee wa mganda na lizombe kwa heshima inayowastahili.